Gari Linalopiga Magoti

Jumatatu, 2 Juni 1975

Limefika! Limekuja na treni ya Kaliua juu ya behewa la wazi, limefungwa minyororo kama simba. Nusu ya Mpanda ilikuwa stesheni. Nusu nyingine ilikuja baadaye ikijuta kuchelewa.

Niandike vizuri, ili wajukuu wakisoma waelewe. Mimi Telesphor, mpiga picha wa mji huu tangu kabla ya Uhuru, sasa nina gari. Si pikapu ya kubebea tumbaku. Ni gari la Kifaransa, la kifahari, jeusi, viti vya ngozi nyekundu, pua ndefu na bapa kama ya kambale. Lilikuwa la daktari mmoja wa Kigoma anayerudi kwao Ulaya. Alisema ni kuukuu kidogo lakini halijapata kumsumbua. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sijawahi kuona mtu akiachana na mali yake kwa roho nyeupe namna ile.

Ili kulipata nimemuuzia shemeji yangu Ponsian kamera, taa, pazia lenye picha ya maua na kila kitu cha studio. Hilaria, mke wangu, ni dada yake, lakini hata yeye alinuna, akasema ni hasara. Hasara? Hasara gani? Mpiga picha hujificha nyuma ya kitambaa cheusi. Mwenye gari hutazamwa.

Na nina sababu. Tarehe ishirini na nane binti yetu Romana anaolewa na Eustace wa Kibaoni. Baba yake Eustace, mzee Gaspar, ana mashamba ya mpunga yasiyoonekana mwisho. Siku ya posa aliniuliza mbele ya watu kama kupiga picha ni kazi au ni mchezo. Mbele ya watu! Sikujibu. Jibu langu limefika leo na treni.

Aibu ndogo stesheni. Gari lilishushwa likiwa limelala, tumbo karibu na ardhi. Mkuu wa stesheni akatangaza kwamba limefia njiani. Nikaingia, nikawasha. Likatetemeka. Kisha likaanza kunyanyuka, kwanza nyuma, halafu mbele, kama ng'ombe anayeamka. Watu walikimbia! Mama mmoja wa Magamba aliacha kapu lake la mihogo. Kumbe ndivyo lilivyoundwa: ukiliwasha linasimama, ukilizima linalala. Ustaarabu mtupu.

Hilaria amelizunguka mara moja tu. Kisha akauliza linakula nini.

Jumatano, 4 Juni

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tangu jana watu wanafurika uani kwangu. Wamevaa nguo za Krismasi. Wanataka picha na gari. Nikawaambia kwa fahari, simameni hapo, nikanyoosha mkono kuchukua kamera. Hakuna kamera. Nimeuza.

Nani akatokea? Ponsian! Ametembea tu, mikono nyuma, kamera yangu shingoni. Akawapanga watu kwenye gari langu, akapiga picha, akaenda zake. Jioni kaweka kibao mlangoni kwake: PIGA PICHA NA GARI LA KISASA.

Nimekwenda kumkabili. Nikamwambia huu ni unyonyaji, na unyonyaji katika nchi hii umepigwa marufuku. Akajibu kwa upole, upole wake ule unaoniumiza tumbo, kwamba kamera ni yake, barabara ni ya serikali, na gari langu yeye haligusi, linaonekana tu. Akaongeza kwamba kama nataka lisionekane, nilifunike.

Sawa. Nitalifunika.

Ijumaa, 6 Juni

Nililifunika kwa shuka za Hilaria, zote. Watu wakaja zaidi. Wanadhani kuna siri. Wakawa wanafunua pembe kuchungulia. Nikatoka nikiwafukuza, mikono juu, nimevaa msuli na fulana tu. Ponsian akapiga picha.

Nasikia picha hiyo ndiyo inayopendwa kuliko zote. Imefika mpaka Kasokola.

Hilaria anataka shuka zake.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya utukufu, kisha siku ya fedheha.

Asubuhi nimekwenda Misa kwa gari. Hilaria kakaa nyuma, ameshika rozari kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nikaegesha mbele ya mlango wa kanisa, nikazima. Gari likashuka taratibu mpaka chini. Padri alikuwa amesimama ngazini. Akacheka, akasema hili ndilo gari la kwanza la Kikatoliki aliloliona, maana linapiga magoti kabla ya kuingia. Kila mtu alisikia. Nilisali vizuri sana leo.

Baada ya Misa, haliamki. Nawasha, injini inanguruma, gari limelala kifudifudi. Chini yake kuna dimbwi la mafuta mekundu. Wanakwaya wakaja kulisukuma. Halisukumiki! Gari lililolala halisukumwi, hubebwa, na hili halibebeki. Mama Verdiana wa Chama cha Maria akasema pengine bado lina dhambi ambazo halijaziungama. Watu wazima walicheka.

Nikakaa ndani yake, madirisha juu, nikangoja waondoke. Walioondoka walirudi na wenzao.

Mchana umepita, ghafla likaamka lenyewe! Likasimama imara. Nikalipeleka kwa fahari kupitia sokoni ili watu waone. Pale sokoni askari akanisimamisha. Akaniuliza kama sijui amri ya kubana petroli, kwamba Jumapili magari ya watu binafsi hayatembei baada ya saa nane mchana. Nikamweleza kwamba gari hili halijatembea tangu asubuhi. Akasema basi lingeendelea hivyohivyo.

Limelala sokoni. Nimerudi kwa miguu, nyuma ya Hilaria.

Jumanne, 10 Juni

Nimempata fundi. Anaitwa Méthode. Amejifunza kazi katika gereji ya Bujumbura na hakuachi usahau. Kila kifaa anakitaja kwanza kwa Kifaransa huku amefumba macho, kisha kwa Kiswahili huku anatikisa kichwa.

Maelezo yake: magari mengine yana springi. Hili halina. Hili linasimama kwa mafuta. Kuna pampu moja, na mafuta yake yanapita katika vimrija kama mishipa ya damu, yanainua gari, yanasaidia usukani, yanabadilisha gia, yanashika breki. Mpira mmoja ukioza, vyote vinalala pamoja. Nikamuuliza mpira upi umeoza. Akatia kidole katika dimbwi, akaonja, akafikiri. Akasema yote.

Mipira iko Ufaransa. Mafuta yako Ufaransa. Nikaghadhibika. Nikasema Wafaransa wana haki gani ya kutengeneza gari ambalo mafuta yake hayapatikani Mpanda! Méthode akasema alikwisha kujiuliza hilo akiwa Bujumbura.

Lakini ni mtu wa akili. Atakata mipira ya trekta bovu la Magamba, aibane kwa waya. Kwa kazi hiyo amechukua redio yangu na majogoo wote. Amebaki kuku mmoja mwekundu, kwa sababu Hilaria alikuwa amemshika mapajani na Méthode aliona aibu kuomba.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi! Na wazo lilikuwa langu.

Méthode alipomaliza mipira, ikabaki shida ya mafuta. Akasema yanayotakiwa ni mafuta mepesi yasiyokula mpira. Nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa akitunywesha mafuta ya nyonyo kila likizo. Yale hayakuwahi kula kitu, yalisukuma tu. Nikamwambia tujaribu. Akafumba macho, akatamka neno la Kifaransa, akakubali.

Tumenunua nyonyo ya akina mama wote wa sokoni. Tukajaza. Nikawasha. Jamani! Gari limenyanyuka kuliko siku zote. Limeinuka kama jogoo anayetaka kuwika. Na sasa halishuki. Nimelizima tangu mchana, bado limesimama wima. Hilaria akitaka kuingia inabidi nimpe kigoda. Anasema hataki kuingia, kwa hiyo hilo si tatizo.

Linatoa harufu kama zahanati. Mbwa wa Ponsian alikuja usiku kulamba yaliyomwagika. Nasikia leo nyumba ya Ponsian wameifungulia madirisha yote. Kuna Mungu.

Jumatano, 18 Juni

Nimeamua kulipeleka matembezi marefu kidogo ili lizoee. Njia ya Kasokola. Petroli ya kibali imekwisha kwenye mji, hivyo nimemwomba karani wa bohari anigawie akiba, kwa kumwahidi kwamba mkewe atapanda siku ya harusi. Mpaka sasa nimewaahidi wake za watu wengi. Gari lina nafasi ya watu watano.

Linakunywa! Nilidhani tangi limetoboka. Nikashuka nikachungulia. Halijatoboka. Ndivyo linavyokunywa.

Nusu ya njia mkanda wa feni ukakatika. Nikafunga mshipi wangu wa suruali badala yake. Ukashika! Nikaendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika suruali. Kisha rejeta ikaanza kuchemka, moshi mweupe, mlio kama birika la shetani. Nikafungua kifuniko. Kamwe usifungue kifuniko! Mkono umefungwa kitambaa ninavyoandika.

Akapita Maduhu. Huyu ni Msukuma, amehamia huku na familia na ng'ombe wengi kuliko watu wa kata nzima, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya kijeshi. Hakucheka. Nilimheshimu hapohapo. Akaleta maksai wanne, akawafunga mbele, tukarudi mjini tukivutwa. Akaomba akae ndani. Njia nzima alikuwa anapapasa ngozi ya kiti polepole, kama mtu anayekagua ndama.

Tulipofika akaniuliza, kwa adabu, nataka ng'ombe wangapi.

Nikamwambia hili ni gari la Kifaransa, haliuzwi, na hasa haliuzwi kwa mifugo! Akasema hakuna ubaya. Akasema atauliza tena.

Ponsian alikuwepo. Alipiga picha. Maksai wametoka vizuri, ananiambia.

Jumatatu, 23 Juni

Kikao cha familia. Yaani wote dhidi yangu.

Ponsian, kama mjomba wa bibi harusi, amekuja na pendekezo. Kijiji cha Magamba kitatoa trekta lake zima, si lile bovu, na tela. Watalipamba kwa majani ya migomba. Trekta ni la polepole lakini linafika. Tela! Mwanangu juu ya tela kama magunia ya mpunga! Na mzee Gaspar amesimama kanisani na watu wake wote wa Kibaoni, wanatazama! Nimesimama nikasema mengi. Nimesema kuhusu heshima, kuhusu maendeleo, kuhusu watu wanaomwonea wivu mtu anayesogea mbele.

Hilaria akaniita "baba Romana", kwa sauti ile. Akasema redio imekwenda, kuku wamekwenda, mchele wa sherehe umeanza kwenda kwa Méthode, na shuka zinanuka nyonyo. Akasema nimemuuza hata yule aliyekuwa akituletea ugali, yaani kamera. Akasema kitu kimoja tu bado hakijaingia katika tumbo la gari lile, nacho ni mtoto wake.

Romana ndiye aliyesema. Alikuwa anachambua mchele kona ya chumba. Akasema, bila kuinua kichwa, "Baba ametaka kunipeleka kwa gari lake. Nitapanda. Lakini viatu nitavishika mkononi."

Sijui alimaanisha nini kuhusu viatu. Lakini alisema atapanda! Nikatoka nje nikalifuta gari vumbi mpaka giza likaingia. Vumbi lilikuwa limenijaa machoni.

Ijumaa, 27 Juni

Kila kitu tayari. Méthode amefika na miwani ya jua. Ameongeza mafuta ya karanga kidogo kwa sababu nyonyo imekwisha sokoni. Plagi tumezisugua. Betri tumeiazima katika mashine ya kusaga. Milango miwili inafunguka kwa ndani, mmoja kwa nje, mmoja haufunguki na hakuna haja.

Nimelijaribu mara tano kuzunguka mtaa. Linaamka, linalala, linageuka. Breki zinashika. Nikamuuliza Méthode kama atalisimamia. Akasema yeye hulisimamia gari lolote likiwa limesimama.

Basi la akina Gaspar limefika jioni. Mzee ameshuka na suti. Amelitazama gari langu kwa muda mrefu, uso hausemi kitu. Akauliza mbona linanukia karanga. Nikasema ni manukato ya Kifaransa.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika hapa yaliyotokea kweli, maana mji mzima tayari unasimulia uongo.

Kwanza, liliwaka mara ya kwanza. Hilo watu hawalisemi! Liliwaka, likaamka, likang'aa. Maua mbele, vitambaa vyeupe kwenye vioo. Romana ndani na gauni lake, amependeza mpaka nikashindwa kutia gia. Viatu mkononi. Hilaria kando yake. Mbele mimi na Skolastika, dada yangu, ambaye alianza vigelegele kabla hatujatoka uani.

Njiani watu pande zote mbili. Watoto wanakimbia nasi. Wanaume wanavua kofia. Nilipita duka la Ponsian nikapiga honi. Ilikuwa dakika bora ya maisha yangu na sitamsamehe mtu atakayesema vinginevyo.

Kutoka barabara kuu kuna mteremko mdogo kuelekea kanisani. Nikaona mlango wa kanisa, Padri na kanzu yake, kwaya imejipanga. Nikaona mzee Gaspar mbele, watu wa Kibaoni nyuma yake, Eustace na ua kifuani. Nikapunguza mwendo. Yaani nikakanyaga breki.

Breki ikaenda mpaka sakafuni, laini, kama kukanyaga ugali wa jana. Gari likaanza kulala huku linakwenda.

Sikupiga kelele. Nililiangalia kanisa linakuja, liko sambamba nasi, linapita. Nilifanya nini? Niliinua mkono nikawapungia! Ningefanya nini tena? Skolastika akafikiri ndiyo mpango wenyewe, akazidisha vigelegele. Kwaya ikaanza wimbo. Tukapita mbele ya wakwe zangu wote, tumeshuka mpaka tumbo linakwangua, mafuta yanaruka kando, tukaendelea.

Hilaria alikuwa anasema Salamu Maria, haraka sana, bila kuvuta pumzi.

Tukapita nyumba ya mapadri. Tukapita shule. Usukani ukawa mgumu kama shina la mninga. Chini kule kuna matanuru ya matofali, na mbele yake kuna tope wanalofinyanga. Tukaingia katika tope. Polepole, bila kishindo. Gari likazama mpaka milangoni, likakoroma, likanyamaza.

Hakuna aliyeumia. Nimeuliza mmojammoja. Nilimgeukia Romana. Akaweka mkono begani kwangu akasema, "Baba, tumefika mbali." Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalia, na Hilaria akacheka, huyo ambaye hajacheka tangu tarehe pili! Nikakasirika. Hakuna kilichochekesha.

Kumbe kule kanisani mambo yalikuwa mabaya. Mzee Gaspar alifikiri tumebadili mawazo. Alifikiri tunamtorosha bibi harusi mchana kweupe, na baba yake mzazi anapunga mkono kwa dharau! Akawaambia watu wake wapande basi. Walikuwa wameanza kupanda. Ponsian akasimama mlangoni mwa basi, mikono imetanda, akiapa kwa majina ya wazee wake kwamba shemeji yake si tapeli, ni mjinga tu. Hayo nimeambiwa na watu wengi, na wote waliyasema kwa furaha.

Lakini Eustace hakungoja. Alikimbia. Na suti yake, na viatu vya kuazima, aliteremka mteremko wote akifuata alama ya mafuta. Nikamwona anakuja anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akafika ukingoni, akaingia katika tope bila kukunja suruali. Akafungua mlango. Ule usiofunguka! Akaufungua! Akamuuliza Romana kama ameumia. Akasema hapana. Akamuuliza kama bado anamtaka. Romana akasema kama hakumtaka asingepanda hili gari.

Akambeba mpaka pakavu. Romana akavaa viatu vyake, visafi, vinang'aa, vitu pekee visafi katika kundi lote. Wakapanda kilima wameshikana mikono, na watu wa matofali wanawafuata wakiimba. Nilibaki kwenye tope. Hakuna aliyenipungia.

Misa ilichelewa lakini ilifanyika. Nimesimama nyuma, tope mpaka magotini. Mzee Gaspar alikuja kunikuta baada ya baraka. Nikajiandaa kwa matusi. Akanishika mkono akasema, "Mkwe wangu, mwanangu sijapata kumwona akikimbilia kitu maishani mwake. Hata shule." Akanikumbatia, akachafua suti.

Ponsian alipata picha. Gari linapita mbele ya kanisa, mimi nimeinua mkono kama rais. Anasema hatapiga nyingine nzuri kama ile mpaka anakufa. Nimemwambia basi aiweke iwe yake. Si picha ya kuuza. Akaniangalia, akasema hata hakufikiria kuiuza. Mnafiki.

Lakini ni kweli alisimama mlangoni mwa basi. Naandika mara moja tu.

Jumatatu, 30 Juni

Maduhu amekuja na maksai na kamba. Akalivuta gari kutoka kwenye tope, akalisafisha mwenyewe kwa maji ya mtoni, akauliza tena, kwa adabu ileile, nataka ng'ombe wangapi.

Nikamweleza ukweli, kwa sababu mimi ni mtu mwaminifu. Breki hazipo. Mipira imepasuka. Gia imekufa. Nyonyo imeganda. Akasema hayo yote hayamhusu. Ataliweka chini ya mti wa kivuli katika boma lake na atakaa ndani jioni kuangalia mifugo ikirudi. Mke wake mkubwa, Nyanzala, ana maumivu ya mgongo, na katika mji mzima hajaona kiti kama kile.

Nikafungua mdomo kumwambia haliuzwi.

Hilaria akasema sita.

Sita! Mke wangu! Bila kuniuliza! Tena wakakubaliana kabla sijafunga mdomo. Gari langu limeondoka likivutwa, Maduhu ndani, kofia yake ya kijeshi inaonekana dirishani. Méthode alisimama barabarani akavua miwani ya jua.

Hilaria amewahesabu ng'ombe kwa kuwapapasa vichwa. Wanne ni majike, wawili wana mimba. Amesema maziwa yatakuwepo kabla ya mvua, na ndama mmoja atampa Ponsian ili airudishe kamera. Amepanga yote. Anaimba jikoni.

Alhamisi, 10 Julai

Nimerudi kutoka Kibaoni kumsalimia Romana. Mzima, amenenepa, anacheka kwa sauti kama mama yake zamani. Nilikwenda na ng'ombe wawili, kwa maelezo ya Hilaria kwamba ni zawadi kwa wakwe.

Sasa. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, chini ya turubai, nimeona kitu. Basi! Basi zima, la abiria thelathini, rangi ya bluu, vioo karibu vyote vipo. Mwenyewe, mzee mmoja mkarimu ajabu, hakulificha neno hata moja. Ameachana nalo kwa sababu ya umri, wake, si wa basi. Nikampa ng'ombe wawili, na nimemwahidi wengine wawili. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Fikiria: Mpanda mpaka Kibaoni, kila siku ya soko! Ponsian apige picha za hilo! Nimekosea mara moja tu maishani, nalo kosa nimeligundua: lile gari lilikuwa dogo.

Hilaria amezipokea habari hizi vibaya. Amekaa chini, juu ya ardhi kabisa. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama breki zake ni nzima. Nikasema ni nzima. Akauliza rejeta. Nikasema haina tatizo. Akauliza injini inanguruma vipi.

Hapo nimemweleza kwa utulivu, kama mtu anayemfundisha mwenzake. Injini haimo. Na kitu ambacho hakimo, mama Romana, hakiwezi kuharibika.

Hajajibu. Nadhani ameelewa.